Mtoto Aliyekataa Sufuria ya Mama Yake

Tuliporudi Butembo kutoka Polandi, mtoto wa yaya alikataa chakula cha mama yake. Hakulia wala hakusukuma sahani. Alifumba mdomo, akageuza uso, akanitazama mimi kana kwamba mimi ndiye wa kurekebisha jambo hilo. Mkekani palikuwa na bukali, yaani ugali wa muhogo, sombe ya majani ya muhogo, na nyama ya jogoo ambaye yaya alimfuga kwa ajili ya siku hiyo. Majirani walikuwa wamejaa mlangoni kuuona mkono wa mtoto uliofunguliwa na madaktari wa Ulaya. Waliuona, wakapiga vigelegele. Kisha wakauona na mdomo uliofumbwa, mmoja mmoja wakaaga.

Kwetu dada mkubwa tunamwita yaya, na mdogo wa mama naye ni mama, mama mdogo. Mimi ni mama mdogo wa mtoto huyo. Nilikuwa msichana wa haya, niliyesoma shule ya msingi tu, na hata leo naandika polepole. Lakini jambo hili nimelibeba muda mrefu, nataka kuliandika lilivyokuwa.

Mkono wa kuume wa mtoto uliungua katika miaka ya vita, alipokuwa bado anajifunza kukimbia. Asubuhi hiyo yaya alikuwa ameinjika maji ya bukali. Masasi ya bunduki yakaanza kulia upande wa juu wa mji, karibu kuliko siku nyingine. Yaya akaruka kwenda kumnyakua mtoto, na kikwembe chake, kitenge alichojifunga, kikanasa sufuria. Mtoto naye alikuwa anamkimbilia mama yake, mikono mbele. Maji yakamwagikia mkono mmoja.

Dawa zilikuwa haba siku zile. Kidonda kilipona, ila kilipona vibaya. Ngozi mpya ilivuta vidole hadi vikalala ndani ya kiganja, na mtoto akawa na ngumi isiyofunguka. Yaya alikuwa akiishika ile ngumi wakati mtoto amelala, akijaribu kunyoosha kidole kimoja kwa kidole chake. Tangu siku ya kuungua, kila alipoinjika maji alimfukuza mtoto hadi uani kwa jirani.

Sista mmoja muuguzi, mzaliwa wa Polandi, kwetu Pologne, aliyekuwa akitibu watu katika zahanati ya parokia, ndiye aliyetafuta njia. Aliandika kwao, akajibiwa kwamba kuna hospitali itakayompasua mtoto bila malipo, na kwamba dada yake, mama mjane, atatupokea nyumbani kwake. Yaya ndiye alipaswa kwenda. Lakini alikuwa na mimba kubwa, na mume wake alikuwa amekwama Kanyabayonga, ng'ambo ya mstari wa vita, hakuna gari lililopita. Wakatazama huku na huku, wakaishia kwangu.

Siku ya kuondoka yaya alimfunga mtoto mgongoni mwangu kwa mikono yake mwenyewe. Alikaza kikwembe, akakilegeza, akakikaza tena.

"Umuchunge," aliniambia. "Asilale na njaa."

Tulishuka Beni kwa lori, tukalala kwa shangazi yetu anayeuza vikwembe sokoni, na kesho yake tukapanda ndege ndogo iliyotupeleka Uganda. Kutoka huko tukapanda ndege kubwa. Safari ya angani siikumbuki vizuri, nilifumba macho sehemu kubwa. Ninayoikumbuka ni ya treni, tulipokwisha kufika Polandi. Ilikuwa na vyumba vidogo vyenye viti vinavyotazamana, na watu walipokaa tu walitoa mayai ya kuchemsha na mkate, kama abiria wa malori yetu wanavyotoa mahindi na ndizi. Mzee mmoja aliyekaa mbele yetu alimmenyea mtoto yai, akampa na chumvi iliyofungwa kwenye karatasi. Aliposhuka aliinama, akaushika mkono wangu na kuubusu. Niliuvuta kwa nguvu hata nikagonga dirisha. Baadaye nilijua kwamba wazee wa kule huwasalimu wanawake hivyo, hata msichana asiyejua kutazama watu machoni.

Mama mwenyeji wetu alikuwa mnene, mwenye sauti kubwa na mikono myepesi. Nyumba yake ilikuwa na jiko refu la vigae, refu kuliko mtu, lenye joto mchana kutwa. Mlangoni alinipa ndara za sufu. Nikadhani ni zawadi, Jumapili nikazivaa kwenda kanisani juu ya theluji. Watu waliziona. Yeye alinishika mkono tu tukarudi nyumbani taratibu, akaziweka zile ndara juu ya jiko zikauke, akanionyesha viatu vyangu.

Chakula chake kilikuja kwa zamu. Kwanza supu peke yake. Siku ya kwanza nilikunywa, nikashiba, nikamshukuru Mungu, ndipo akaleta viazi, nyama na kabichi. Kabichi yenyewe aliichachisha kwenye pipa la mbao chini ya nyumba, na matango vilevile. Uchachu haukunitisha. Mimi ni mtoto wa watu wanaolaza mihogo majini hadi inanuka, ndipo wanaianika. Nilipenda supu nyekundu ya bitiruti, nilipenda viazi, kwa sababu vilifanana na vya milima ya Lubero. Nilipenda karibu kila kitu. Lakini kila sahani niliacha kidogo.

Kwetu mgeni mwenye adabu hamalizi. Anaacha vipande viwili vitatu, kwa sababu watoto wa nyumba wako nyuma ya mlango wanangoja kumalizia. Mgeni anayefuta sahani amewanyima. Kwa hiyo niliacha kiazi, niliacha kipande cha nyama, na mama mwenyeji alichukua sahani akaitazama muda mrefu. Kesho yake alipika kingine. Nikaacha tena. Akapika kingine: viazi vilivyokunwa na kukaangwa kama chapati, uji mzito wa nafaka nisiyoijua, supu ya matango, maandazi yenye jamu ndani. Mwishoni mwa juma la pili nilianza kuona amechoka, na sikujua kwa nini.

Jumapili moja alikuja sista mzee wa shirika lao, aliyewahi kufanya kazi Lubero zamani. Kiswahili chake kilikuwa chetu kabisa, cha huku. Nilipokisikia nilitaka kulia. Aliketi, akazungumza na mwenyeji, kisha akanigeukia.

"Mama anauliza, chakula yake iko mubaya? Usiku halale, anawaza kesho akupikie nini."

Nilieleza kwa sauti ya chini kwamba chakula chake ni kizuri sana, ninawaachia watoto.

"Batoto gani? Humu ndani ni mutoto moja tu, na ye anakula kukupita."

Akamtafsiria. Mama mwenyeji alijifunika uso kwa aproni. Nilidhani nimemkosea, kumbe anacheka, mabega yanatikisika, na alipoiondoa aproni macho yalikuwa na machozi. Watoto wake mwenyewe walikuwa wakubwa, wameenda mbali kutafuta kazi, na nyuma ya mlango ule hakukuwa na mtu wa kungoja. Tangu siku hiyo mimi nilimaliza sahani, na yeye akaanza kuacha. Aliacha kipande kimoja kizuri kila siku, akamwita mtoto aje kukimalizia kwenye sahani yake. Mtoto alimwita babcha, yaani nyanya kwa lugha yao, na akajifunza kungoja kile kipande akiwa ameegemea goti lake.

Mkono ulipasuliwa, ukafungwa bandeji, ukafunguliwa. Vidole vilikuwa vimetengana lakini vigumu. Daktari alitaka vinyooshwe kila siku, na kila siku mtoto alilia hadi akakosa sauti, nami nililia pamoja naye. Mama mwenyeji alituvumilia kwa muda. Halafu siku moja alikanda unga wa ngano, laini na wenye uvuguvugu, akauweka mkononi mwa mtoto. Mtoto akaufinya. Akaufinya tena. Kuanzia hapo kila asubuhi walisimama wawili mezani karibu na dirisha, nje theluji inaanguka, ndani wanakanda. Unga uliandaliwa kuwa pyerogi. Husukumwa hadi uwe mwembamba, hukatwa duara kwa mdomo wa glasi, katikati huwekwa viazi vilivyopondwa pamoja na jibini nyeupe na vitunguu vya kukaanga, kisha duara hukunjwa na ukingo wake kubanwa kwa vidole. Hutokoswa majini. Mtoto ndiye alipewa kazi ya kubana. Mwanzoni alibana kwa kiganja kizima. Baadaye kwa vidole viwili.

Habari za nyumbani zilipita kwa simu ya masista, mara chache. Yaya alijifungua mtoto wa kiume. Risasi zililia, zikanyamaza. Mume bado hajapita. Wakati ule mtoto alikuwa akiniita mama. Mwanzoni nilimrekebisha. Lakini mtaani, kanisani na hospitalini watu wote waliniita mama yake, na kuwaeleza kulitaka maneno ambayo sikuwa nayo. Alilala kifuani mwangu. Kiswahili alikitumia kwangu peke yangu, na babcha alimpa maneno mengine yote.

Tulipoondoka, mama mwenyeji alitufungia mkate wa njiani. Kipande kilianguka sakafuni akifunga. Alikiokota, akakibusu, akakirudisha kwenye karatasi. Ndivyo wanavyofanya mkate ukianguka.

Kwa hiyo unaweza kuona tulirudi Butembo na mtoto wa namna gani. Yaya alikuwa amesimama kando ya barabara, mume wake bado hajapita, kitoto kichanga mgongoni, kikwembe kipya kiunoni. Aliushika ule mkono, akafungua kidole kimoja kimoja, vikafunguka vyote. Alipiga magoti palepale vumbini. Mtoto alimtazama kama unavyomtazama mtu mwema usiyemjua.

Siku zilizofuata yaya alipika kila alichokijua. Wali, maharage, ndizi, samaki wa ziwa. Mtoto alikula mkate na maziwa, na viazi vitupu, mradi nimempa mimi. Mwanamke wa jirani, mfanyabiashara wa kabichi na liki, mtu wa maneno mengi na roho nzuri, alikuwa akipita kila jioni kuuliza.

"Mutoto ya bazungu amekula?"

"Bado."

"Mumulaze njaa siku moja tu. Kesho atakula hata majani ya ndizi."

Yaya alimjibu bila kuinua macho kwenye mchele aliokuwa akiuchagua. "Sikumutuma Pologne ili akirudia nikuje kumulaza njaa."

Jirani akaacha liki mbili mlangoni akaenda.

Jioni moja tulikuwa sisi wawili jikoni. Yaya alikuwa anangoja maji yachemke. Aliyatazama yalivyoanza kuchezacheza kwenye kingo za sufuria.

"Anakumbuka ile maji," aliniambia.

Nilimwambia hapana. Nilijua hakumbuki. Kule Polandi alikuwa akichungulia maji yanayotokota ili kuona pyerogi zikipanda juu, na babcha alikuwa na kazi ya kumvuta nyuma. "Hana woga na moto, yaya. Hakumbuki."

Nilidhani nimempunguzia mzigo.

"Donc basi, si maji," alisema. "Ni mimi."

Nilichochea kuni ambazo hazikuhitaji kuchochewa.

Asubuhi yake alinitaka nimfundishe kile chakula. Tulikwenda sokoni. Butembo kuna baridi, na viazi na vitunguu vya huko juu vinakuja kwa magunia, kwa hiyo vitu vya Polandi tulivipata karibu vyote hapohapo. Jibini nyeupe ililetwa na watu wa ng'ombe. Badala ya kijiti cha kusukumia tulitumia chupa. Yaya alikanda vizuri, mikono yake ina nguvu kuliko yangu, ila kubana ukingo hakuweza. Alikuwa na haraka. Pyerogi zake za kwanza zilifunguka majini zote, viazi vikaelea huku na unga kule.

Jirani alichungulia sufuriani. "Hii njo chakula ya Ulaya? Ni sambusa yenye kuzama mu maji."

Yaya alicheka hadi akaketi chini. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka tangu nirudi. Mtoto alikuja kuona kinachochekesha. Akachungulia, akatikisa kichwa kama mtu mzima, akasema hapana hivi, akachukua duara moja akalibana kwa vidole viwili, polepole, kuzunguka ukingo wote. Yaya alimtazama bila kupumua. Zile za mtoto hazikufunguka.

Alikula siku hiyo. Alikula nyingi. Tatizo lilikuwa jinsi alivyokula. Yaya alimwekea kwenye sahani. Mtoto aliitazama sahani, akaisukuma taratibu juu ya mkeka hadi mbele yangu, akangoja. Sikuelewa anangoja nini. Halafu nikaelewa: alitaka nizitoe sahanini, nizirudishe, ili ziwe zimetoka kwangu. Nilifanya hivyo. Akaanza kula. Yaya alitabasamu, akainuka, akaenda chumbani kumtazama mtoto mchanga ambaye hakuwa analia.

Ilikuwa hivyo kesho yake, na siku zilizofuata. Chakula kilitoka kwenye sufuria ya yaya, kwa mkono wa yaya, kwa unga aliokanda yaya, na ile sahani ilisafiri hadi kwangu kabla ya kuliwa. Nilijaribu kukaa mbali. Ilinifuata. Nilijaribu kutoka nje wakati wa kula. Mtoto aliinuka na sahani yake akanitafuta uani. Niliona kwamba si chakula, wala si maji ya zamani, wala si yaya. Mimi ndiye niliyekuwa katikati ya mkeka.

Shangazi wa Beni alikuwa ametuma neno kwamba anahitaji mtu wa kumsaidia kwenye kibanda chake cha vikwembe. Nilimwambia yaya nitaenda. Alikuwa anamnyonyesha mdogo.

"Unaenda juu yangu, sababu ya mimi?"

"Naenda kusaidia tantine."

"Usinidanganye, mudogo wangu. Ulimulisha wakati mimi sikuweza. Siko mutu wa kukufukuza."

"Haunifukuze," nilimwambia. "Mi najiendea."

Aliinamisha kichwa juu ya kitoto. Hakunizuia, na nilimshukuru kwa hilo, kwa maana angesema neno moja zaidi ningebaki.

Kwa mtoto sikutaka kuondoka kwa siri. Nilichuchumaa mbele yake mlangoni, nikamwambia naenda Beni kuuza vikwembe, nitarudi kumtembelea. Aliwaza.

"Nani atapika?"

"Mama."

"Mama gani?"

"Mama yako. Ule pale. Mi ni mudogo yake."

Akageuka kumtazama yaya aliyekuwa akifagia, akamtazama kwa muda, kana kwamba anapima kama anaweza. Nilipanda lori kabla hajamaliza kupima.

Beni ni chini, kuna joto, na wakati ule kulikuwa na askari kila kona na pikipiki zinazopiga honi bila sababu. Kando ya barabara watu walianika kakao kwenye maturubai, na harufu yake kama ya pombe ilijaa hewani hadi sokoni. Shangazi alinikaribisha kwa mikono miwili na kwa utani wake. Alikuwa ameniambia tangu siku ya kwanza kwamba jina langu sasa ni Madame Pologne. Mteja akija, mimi nilinong'ona bei.

"Madame Pologne, huku soko," alisema. "Bei tunaisemaka kwa sauti. Unamunong'oneza nini, ni bwana yako?"

Wateja walicheka, nami nikataka kuingia ndani ya robota la vitambaa. Lakini alinifundisha kukunja kikwembe ili ua likae juu, na kazi hiyo ya mikono niliifanya vizuri.

Sikuwa na siku nyingi Beni vita vilipohama tena. Malori ya Butembo yakaacha kuja, na watu walisema hata kule Lubero njia imefungwa. Kila jioni nilienda kituo cha malori kuuliza. Madereva walikaa chini ya magari yao wakicheza karata, walinijibu bila kuinua kichwa. Hakuna habari. Nilijua yaya hana chakula cha kuchagua siku kama hizo. Nilijua mtoto anaweza kufumba mdomo kwa muda mrefu. Nilimwona akizunguka uani na sahani yake akinitafuta, na nilipomwona hivyo mkono wangu ulikwama kati ya bakuli na mdomo.

Shangazi aliona. Hakuleta utani. Aliongeza mchuzi kwenye bakuli langu. "Kula," alisema tu. "Ukigonjwa ye atashiba?"

Kisha asubuhi moja njia ilifunguliwa na malori yakaingia, yamejaa watu hadi juu ya mizigo. Sikuweza kwenda kituoni, wateja walikuwa wengi. Kabla ya saa sita nikamwona yule jirani yetu wa kabichi akipita katikati ya vibanda, beseni kichwani, vumbi hadi kope. Aliliteremsha beseni mbele yangu, akaomba maji kwanza. Nilimpa. Alikunywa kikombe kizima huku mimi nimesimama.

"Anakula?" niliuliza. Shangazi baadaye alisema nilipiga kelele, soko zima likasikia. Mimi sikujisikia.

"Ngoja nikae," alisema jirani.

Akakaa, akasimulia kwa mtindo wake, kuanzia mbali. Siku za kwanza mtoto alisimama kando ya barabara pale nilipopandia lori. Yaya hakumwita. Aliketi mlangoni na bonge la unga, akakata maduara, akayabana vibaya, akayafungua, akayabana vibaya tena. Jirani alidhani huzuni imemshika. Mtoto alivumilia kwa siku chache, akila mkate mkavu, halafu hakuweza kuvumilia tena kuona kazi mbovu namna ile. Alikuja, akamnyang'anya. Wakawa wanafanya wawili.

Halafu viazi vikaisha sokoni. Njia ya Lubero ilikuwa imefungwa, watu wa ng'ombe hawakuteremka, jibini hakuna. Unga ulikuwa bado kidogo, lakini wa kuuweka nini ndani hakukuwa. Yaya alimwambia mtoto ukweli, viazi hakuna, kama unavyomwambia mtu mzima. Akamuuliza, tuweke nini? Mtoto alizunguka jikoni, akafunua kila kilichofunikwa. Kulikuwa na sombe ya jana tu. Alichovya kidole, akalamba, akafikiri.

"Akasema, hii," jirani alisimulia. "Sombe. Ile ile alikatala mbele ya batu bote."

Waliifungia sombe ndani ya unga, wakatokosa. Yaya akampakulia. Hakukuwa na mtu mwingine mkekani wa kusukumiwa sahani. Mtoto alikula moja, akaomba nyingine kwa mama yake. Unga ulipokwisha kabisa, akala sombe ileile na bukali, akifinyanga matonge kwa mkono wake wa kuume.

"Na sasa mi mwenyewe nikitaka kumupakulia, anakatala," jirani alisema. "Eti mama. Ni mama tu. Yaya yako anasimama pale na upawa kama mutu amepewa uchifu."

Alifunua beseni. Chini ya majani ya ndizi kulikuwa na pyerogi, zimegandana kwa safari na joto. Yaya alikuwa ameazima unga kwa watu wa parokia ili azitengeneze mara njia ilipofunguliwa. Nilichukua moja, nikauma. Sombe, mawese, pilipili kidogo. Ilianza kuchacha. Babcha asingeitambua. Shangazi naye alichukua moja, akaigeuzageuza, akaila yote kabla ya kutoa maoni, kisha akachukua ya pili akasema hii chakula ya Pologne imekuwa ya kwetu kabisa, ni bahati yao.

Jirani aliniuliza ampelekee yaya neno gani. Nilifikiri maneno mengi. Nilitaka kuuliza kama mtoto hunitaja. Nilimtazama usoni, nikaona kwamba angeniambia ukweli, nikaacha.

"Umuambie nimefurahi," nilisema.

Kisha nikaenda nyuma ya kibanda, kwenye kivuli cha marobota, nikaketi. Nililia kidogo. Ilikuwa furaha kweli, na pamoja nayo kulikuwa na kitu kingine nisichokipa jina, kilichokuwa kimezoea kulala kifuani mwangu. Shangazi aliniacha. Mteja alikuja akauliza bei ya kikwembe cha kijani, naye akamjibu mwenyewe, kwa sauti ya chini.